Betri Chini ya Baba Mkwe

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Nasema mapema kwa sababu watu wakija karakana yetu ya Shirere na kunikuta na sketi na grisi, huniuliza fundi yuko wapi, nami huwaambia amekufa. Nina hasira za karibu, hilo sikatai. Lakini kazi naijua. Gari likiletwa halina chaji, naanza mahali pamoja siku zote. Kabla ya mkanda, kabla ya alterneta, kabla hata ya kusikiliza hadithi ya mwenye gari, nashika vichwa vya betri kwa mkono wangu nione kama vinacheza. Nimewafokea wanafunzi wangu wengi kwa kuliruka hilo. Siku ile niliyoendesha gari la baba mkwe wangu kutoka Chekalini, nililiruka mimi mwenyewe, tena nikiwa macho.

Nilikuwa nimeenda kwa wakwe kusaidia kazi ya mahindi. Mume wangu alikuwa kazini, mbali. Nyumbani walikuwa wawili tu, Mama na Baba, na Baba hakuwa mzima. Mapafu yake yalikuwa yamechoka. Hospitali ilikuwa imempa mashine ya stima inayochuja hewa na kumpa oksijeni kwa mrija mwembamba puani. Ilinguruma kando ya kiti chake mchana na usiku, mpaka sisi tukaacha kuisikia. Stima ikipotea, kulikuwa na mtungi wa akiba.

Basi transfoma ikalipuka. Stima ikapotea, ikakaa huko ilikokwenda, na asubuhi nilipoangalia mtungi, sindano ilikuwa imelala kwenye nyekundu. Tulipiga simu kutafuta gari la wagonjwa, tukaambiwa limetoka, tungoje. Kungoja nini? Bila oksijeni midomo ya Baba ilikuwa inageuka rangi upesi, nimeiona mwenyewe, na sitaki kuiona tena. Tulihitaji kumfikisha hospitali Kakamega, na njiani mashine isizime.

Gari lililokuwepo ni lake, fowili ya kale ya dizeli, gari la kupita matope, aliyoendesha tangu ujana wake, mlango mmoja wa rangi tofauti na mingine. Mimi nilikuwa na inveta kwenye sanduku langu la kazi, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri ya gari kuwa kama stima ya nyumbani. Nikabana waya zake kwenye betri, nikachomeka mashine, ikanguruma. Mama akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilikuwa tayari napiga hesabu nyingine kichwani. Mashine ile inakunywa umeme vibaya. Betri peke yake haiwezi kuifikisha Kakamega. Ni lazima alterneta iwe inarudisha chaji njia nzima, la sivyo tumekwisha.

Sasa, magari ya aina ile betri haikai mbele kwenye injini. Iko chini ya kiti cha abiria cha mbele. Na Baba hakuweza kulala, hakuweza kukaa kwenye benchi za nyuma zinazorusha mtu, na mrija wake ulikuwa mfupi. Alihitaji kiti chenye mgongo. Kilikuwa kimoja tu, hicho hicho. Kwa sababu ya waya za inveta hatukuweza kurudisha mto wa kiti, kwa hiyo tukakunja blanketi juu ya betri, na Baba akakaa.

Hapo ndipo Mama aliposimama mlangoni akakataa.

"Hawezi kaa hapo na wewe ukae hapo."

"Mama, nani ataendesha?"

"Mimi sijasema usiendeshe. Nimesema hamwezi kaa hivyo, bega kwa bega. Watu wataona nini?"

"Wataona mgonjwa!"

Lakini nilielewa. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawagusani. Hawaketi karibu, hawaangaliani usoni, hawaitani ovyo. Nimempikia Baba obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, miaka yote ya ndoa yangu, wala sijawahi kumpa sahani mkononi. Naweka mezani, naondoka. Akitaka chumvi anamwambia Mama, Mama ananiambia mimi, hata kama nimesimama pale pale. Si uadui. Ni heshima, na Baba alikuwa mtu wa heshima kupita kiasi. Mama akafungua leso kiunoni, akaifunga kutoka kwenye kishikio cha darini hadi nyuma ya viti, ikaning'inia katikati yetu kama pazia. Kioo changu cha kushoto kikapotea kabisa. Nikameza maneno niliyokuwa nayo, nikawasha gari. Mama alikaa nyuma akiikumbatia mashine ili isiruke.

Barabara ya udongo ilitupiga sana. Kila shimo nilisikia Baba akiguna upande wa pili wa leso, nami nikaomba msamaha moyoni kwa sababu kwa mdomo ningelazimika kumpitia Mama. Tulipoingia kwenye lami nikapumua kidogo. Tukaanza kukutana na matrekta ya miwa, na ile harufu tamu ya kiwanda cha Butali ikaingia dirishani. Ndipo taa nyekundu ya chaji ilipopepesa kwenye dashibodi.

Nikajiambia ni macho yangu. Ikapepesa tena nilipokanyaga breki. Nikaongeza mwendo, ikafifia, halafu ikawaka na kutulia pale, nyekundu, haina haya. Taa ile inamaanisha jambo moja tu: alterneta haitoi. Tangu dakika hiyo, kila pumzi ya Baba ilikuwa inatoka kwenye betri, na betri ilikuwa inakwisha.

Niliona mteremko mbele, kabla ya daraja dogo, nikasimamisha gari juu yake, pua ikitazama chini. Hilo nilifanya kwa makusudi. Kama ningelazimika kuzima injini, stata ingemaliza umeme wote, lakini mteremko ungeniwashia gari bure.

"Mbona umesimama?" Mama akauliza.

"Chaji imekataa. Niko naangalia, ni dakika tu."

"Anasema chaji imekataa," Mama akamwambia Baba.

"Nimesikia," Baba akasema.

Nikashuka na mita yangu, injini bado inanguruma. Hapa ndipo ninapotaka mnielewe, maana bado najikasirikia. Mkono wangu ulielekea mlango wa kushoto, kwenye betri. Ulifika hata kwenye kishikio. Kwa dirisha nikamwona Baba amekaa wima, mikono magotini, uso ameugeuzia mbele ili asiniangalie. Ile betri ilikuwa chini ya mapaja yake. Ningemwambia nini? Baba, panua miguu niingize mkono? Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikaachia kishikio, nikazunguka mbele, nikafungua boneti.

Hata hivyo nikapiga kelele kutoka kule: "Mama! Muulize Baba kama anasikia joto hapo alipokaa! Au harufu!"

Mama akamuuliza.

"Amesema yuko sawa!"

Basi. Nikashukuru kimoyomoyo kwamba yuko sawa, nikaendelea.

Mkanda ulikuwa umelegea kidogo. Nikaisukuma alterneta kwa bisibisi kubwa mpaka ukakaza, nikafunga bolti. Nikachungulia ndani, taa haikuzima. Nikaweka mita kwenye mdomo wa alterneta yenyewe, pale umeme unapotokea. Nilitaka kuona kumi na nne na zaidi. Nikaona kumi na mbili inayoshuka. Nikachukua mpini wa spana, nikaigonga alterneta mgongoni, si kwa nguvu, kama unavyogonga mlango wa jirani. Namba ikaruka hadi kumi na nne. Injini ikabadilisha sauti, ikawa nzito. Halafu ikaanguka tena.

"Nimekupata," nikaiambia. Ukigonga alterneta ikaamka, jua ni kaboni. Ndani kuna vijiti viwili vidogo vya kaboni vinavyosugua kwenye pete inayozunguka na kupeleka umeme. Vikiisha, havifiki. Ukigonga, vinagusa kidogo, alterneta inafanya kazi, halafu inasahau.

Kwa ndani, inveta ikaanza kulia. Pii. Pii. Ni onyo kwamba betri inashuka.

Nilizima injini. Sijui kama mnaelewa ilivyokuwa kusikia injini ile ikinyamaza, na kubaki na ngurumo ya mashine tu, na ile pii. Wakata miwa wawili walikuwa wanapita na panga zao begani. Mmoja akapaza sauti, "Mama, itanga fundi! Utachomwa na stima hapo!"

"Fundi ni mimi! Pita na panga lako!"

Wakacheka, wakapita. Nikafungua skrubu za kijisanduku cha kaboni nyuma ya alterneta, kikatoka. Kaboni moja ilikuwa nzuri kiasi. Nyingine ilikuwa imebaki kipande kama punje ya mahindi. Kaboni ya aina hiyo sikuwa nayo. Nilikuwa na ya mashine ya kukatia vyuma, kubwa mno. Nikakaa chini kwenye lami, nikaisugua kwa tupa, nikaipima, nikaisugua tena. Ukiharakisha inavunjika, ukichelewa mtu anakufa. Jasho lilinidondokea machoni.

"Mwanangu," Mama akaita, na sauti yake haikuwa ya kawaida. "Inalia haraka sasa."

"Nasikia, Mama."

"Midomo yake."

"Nasikia!"

Nilimfokea mama mkwe. Hata hilo halifanywi. Akaanza tu kuomba kwa Kiluhya, chini chini. Kaboni ikaingia kwenye tundu lake, ikapanda na kushuka kwenye springi bila kukwama. Nikachomelea mkia wake wa waya kwa kichomeo changu kidogo cha gesi, nikarudisha kijisanduku, nikakaza skrubu. Nikaruka ndani, nikaachia breki. Gari likaanza kuteremka polepole, halafu kasi. Nikaingiza gia, nikaachia klachi. Likashtuka, likakohoa moshi mweusi, likawaka.

Taa nyekundu ikazima.

"Asante Yesu!" nikapiga kelele, na Mama nyuma akaitikia. Ilizima kabisa, hata haikupepesa. Nikaona daraja, nikaona mlima wa upande wa pili, nikaona Kakamega.

Ndipo inveta ikalia mlio mmoja mrefu, na mashine ikanyamaza.

Sauti niliyokuwa nimeizoea mpaka siisikii, sasa niliisikia kwa kutokuwepo kwake. Nikasimamisha gari upande wa pili wa daraja, injini ikiwa inanguruma. Nikakimbia mbele na mita, nikaigusisha kwenye alterneta. Kumi na nne na nusu. Ilikuwa nzima. Nilikuwa nimeiponya, na haikusaidia kitu, kwa sababu umeme ulikuwa unatoka huku na haufiki kule. Na katikati ya huku na kule kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo sikuwa nimepagusa.

Nililijua tangu mwanzo. Hasira iliyonipanda sijawahi kuisikia tena, na yote ilikuwa yangu mimi kwa mimi.

Nikafungua mlango wa kushoto. Baba alikuwa amefumba macho. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka upesi upesi bila kupata kitu, na midomo ilikuwa imegeuka ile rangi.

"Baba," nikasema. Sikumwambia Mama amwambie. "Baba, samahani. Naingiza mkono."

Nami nikasimama pale, haki ya Mungu nikasimama, mkono hewani, sijui nianzie wapi kwenye mwili wa mtu ambaye sijawahi kumgusa hata kidole.

Aliyeniokoa ni Mama. Aliingiza mkono kutoka nyuma, akaing'oa ile leso aliyoifunga mwenyewe, ikapasuka, akanitupia usoni.

"Mshike! Mshike bwana, unangojanga nini?"

Nikamshika. Nikapitisha mkono mmoja nyuma ya mgongo wake, nikamvuta, akaniangukia begani na uzito wake wote, ambao ulikuwa mdogo mno. Nilikuwa nimemwogopa miaka yote kama mtu mkubwa. Mama akamshika mabega kutoka nyuma. Kwa mkono wa pili nikatupa blanketi, nikaingiza vidole chini.

Kiliniunguza. Kichwa cha waya kinachoshika betri kilikuwa kimelegea, kinacheza, vibanio vya inveta na mashimo ya barabara vilikuwa vimekitikisa mpaka kikabaki kikigusa kwa ukingo tu, na pale ulipokuwa ukingo palikuwa na moto. Nikazungusha leso mkononi, nikakisukuma chini. Cheche ikaruka. Nikawaza oksijeni, nikawaza cheche, nikamshukuru Mungu kwamba mashine ilikuwa imezima na mrija hautoi kitu. Nikapeleka spana kwa kupapasa, sioni, kichwa cha Baba shingoni mwangu, pumzi yake fupi sikioni mwangu. Nikakaza. Nikakaza tena. Kikasimama imara, hakichezi.

"Mama, bonyeza swichi ya inveta! Hiyo kubwa!"

Akabonyeza. Pii moja. Halafu ile ngurumo mbaya, nzuri, ikaanza.

Nilibaki nimemshika mpaka midomo yake ilipoanza kurudi. Sikujua nimwachilieje. Mwishowe Mama ndiye aliyenigonga mkono, akasema, "Haya, endesha."

Niliendesha mpaka Kakamega bila pazia. Mwendo ule nilikanyaga mafuta kama mwendawazimu, macho yangu kwenye taa ambayo haikuwaka tena. Hospitali wakampokea, wakamwekea oksijeni ya ukutani. Mama akaenda kushughulikia karatasi zao. Mimi nikabaki mlangoni mwa wodi, mbali na kitanda, kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimeshaanza kujirudisha mahali pangu.

Muuguzi alikuwa anamgeuza ubavu ili ambadilishe nguo. Nikamsikia akishtuka.

"Nani amemchoma huyu mzee?"

Nikaingia. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nyuma ya paja la Baba, kuanzia chini ya kalio, kulikuwa na jeraha la moto upana wa kiganja, malengelenge mengine yameshapasuka na kushikana na suruali. Hilo halikuwa jeraha la dakika moja. Mimi najua vyuma vinavyopata moto. Kile kichwa cha betri kilikuwa kimemchoma tangu barabara ya udongo, njia yote, nilipokuwa nakaza mkanda, nilipokuwa nimekaa kwenye lami nasugua kaboni.

"Baba," nikasema, na sauti ikanitoka kubwa, ya karakana, "si nilikuuliza kama unasikia joto?"

Akafungua macho. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaniangalia usoni.

"Ulimuuliza mke wangu," akasema polepole, akivuta hewa kati ya maneno. "Ningemwambia nini? Kwamba matako yangu yanaungua, akupigie kelele wewe huko barabarani, na watu wa miwa wanapita?"

"Ndiyo! Ungesema hivyo hivyo!"

"Na wewe." Akapumzika kidogo. "Fundi mzima. Nilikuwa nakuangalia kwa kioo. Ulishika mlango wangu, ukauachilia. Hukujua betri iko wapi?"

"Nilijua."

"Ulijua."

"Nilijua, Baba."

"Basi mimi ningekufa hapo Butali," akasema, "na wewe ungerudi nyumbani ukiwa na adabu nzuri sana."

Nikalia. Nililia kwa hasira, pua ikinitoka, mbele ya muuguzi aliyekuwa hajui aangalie nani. Alikuwa ameshika chupa ya dawa na pamba. Akasema anahitaji mtu wa kumshikilia mzee ubavu wakati anatoa kitambaa kilichogandamana, kuna uchungu, atamwita dada wa zamu au kijana wa machela.

"Usiite mtu," Baba akasema. Akanyoosha mkono upande wangu. "Huyu yuko."

Nikamshika bega na nyonga, kama nilivyoonyeshwa. Muuguzi akaanza kuvuta kitambaa. Nilisikia mwili wa Baba ukikaza, vile vile alivyokaa wima kwenye gari, kimya, meno yamebanwa, nikajua anataka kunificha tena.

"Baba, inauma?" nikamuuliza.

Muuguzi akavuta tena.

"Mayi," akaniita kwa Kiluhya, kama mtu amwitavyo mama yake, akanishika mkono kwa nguvu zake zote. "Inauma sana, mama. Mwambie avute polepole."